Mwongozo kamili: kufuatilia habari za wilaya ya shule ya mtoto wako Marekani

Aprili 2024, bodi ya shule za umma za Jefferson County, wilaya inayohudumia Louisville, Kentucky, ilipiga kura kuwaondolea usafiri wa basi wanafunzi wengi wa shule zake maalumu zinazopokea watoto kutoka kaunti nzima. Mabasi yenyewe yalikuja kukosekana Agosti, shule zilipofunguliwa. Mzazi aliyeipata habari Aprili alikuwa na kiangazi kizima cha kutafuta jirani wa kuchangia naye gari, kubadili zamu kazini au kumhamishia mtoto shule ya karibu. Aliyengoja simu imwambie alikuta mambo yameshaiva.

Louisville ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, na ndivyo ilivyo Lexington, Des Moines na Houston. Wengi wetu tumezoea shule inayomwita mzazi pale tu panapokuwa na shida. Huku wilaya inatuma ujumbe karibu kila siku: picha za timu ya mpira, shukrani kwa waliojitolea, tangazo la kukusanya vyakula vya makopo, na katikati ya hayo yote sentensi moja yenye tarehe ya mwisho. Yale mazito zaidi hayaji kwenye simu kabisa mpaka yawe yameshaamuliwa. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuchuja yanayotumwa, na kuyafuata yasiyotumwa kule yanakopikwa.

Hatua ya 1: Ijue wilaya yako, na nani anaamua nini

Marekani ina zaidi ya wilaya 13,000 za shule, na kila moja ina bajeti yake na kalenda yake. Hakuna wizara inayotoa waraka mmoja ukafuatwa nchi nzima. Mipaka nayo haifanani. Florida kila kaunti ni wilaya, kwa hiyo zipo 67. Hawaii jimbo zima ni wilaya moja. Texas zipo zaidi ya 1,000, na watu wawili wanaokaa jiji moja wanaweza kuwa chini ya wilaya mbili tofauti. Ndiyo maana habari unayoletewa na shemeji anayeishi dakika kumi kutoka kwako, kwamba kesho hakuna shule, inaweza kuwa kweli kwake na uongo kwako. Jina kamili la wilaya yako utaliona juu ya barua ya usajili wa mtoto, au ubavuni mwa basi linalombeba. Liandike mahali, kwa sababu utalihitaji kila unapotafuta jambo lolote.

Juu kabisa kuna bodi ya shule. Sehemu nyingi wajumbe wake huchaguliwa na wananchi, mara nyingi wakiwa kati ya watano na tisa. Bodi ndiyo inayopitisha bajeti, kalenda, mipaka ya shule na uamuzi wa kufunga au kufungua shule. Bodi humwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, ambaye ndiye anayeendesha kazi za kila siku na ndiye anayetangaza kwamba theluji imezidi na watoto wabaki nyumbani. Chini yake kuna wakuu wa shule, wenye kauli juu ya walimu, ratiba na nidhamu ya shule zao. Serikali ya jimbo ndiyo inayoweka mitihani na masharti ya kuhitimu sekondari.

Mpangilio huu una faida ya moja kwa moja. Ukimwendea mkuu wa shule kulalamikia mipaka mipya, atakusikiliza kwa adabu na hataweza kukufanyia lolote. Ukiandikia bodi kuhusu mwalimu anayempa mtoto kazi nyingi za nyumbani, barua itarudishwa shuleni. Kila habari inapofika, angalia kwanza nani ametia jina lake chini.

Hatua ya 2: Hakikisha ujumbe unakufikia wewe

Familia nyingi hazipati habari kwa sababu ndogo tu: namba ya simu iliyoko kwenye kumbukumbu za wilaya ni ya mwaka waliofika, au ni ya mfanyakazi wa shirika aliyewasaidia kusajili. Nenda ofisini kwa karani na kitambulisho chako, uombe akusomee namba, barua pepe na anwani zilizopo. Usikubali jibu la "tunayo". Mwambie akusomee. Kisha uliza orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, kwa kuwa orodha hiyo utaihitaji siku ya dharura.

Baba na mama kila mmoja awe na akaunti yake. Wilaya nyingi hutumia mifumo miwili kwa pamoja: mmoja wa alama na mahudhurio, kama PowerSchool au Infinite Campus, na mwingine wa ujumbe, kama ParentSquare au ClassDojo. Wa kwanza kwa kawaida hufunguliwa kwa namba ya siri unayopewa na ofisi, na mtoto asiwe ndiye anayeitunza. Nimeona kijana wa darasa la nane akisoma barua za utoro wake mwenyewe na kuzifuta kabla mama yake hajarudi kazini, na mama huyo alikuwa akisifu jinsi shule ya mwanawe ilivyo tulivu.

Kuhusu ujumbe mfupi, jihadhari na neno STOP. Ukilijibu kwa sababu umechoshwa na matangazo ya kuuza biskuti, unaweza kuwa umezifunga pia arifa za basi na za dharura kutoka namba ileile. Badala yake ingia kwenye mipangilio ya programu, upunguze aina za matangazo.

Sasa lugha. Siku ya usajili ulijaza fomu inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Hiyo hutumika kuamua kama mtoto apimwe Kiingereza. Lugha ambayo wewe unataka kuandikiwa huwa ni swali jingine, na mara nyingi limebaki wazi au limejazwa Kiingereza. Mwombe karani abadilishe iwe Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya mtu, na Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza bila msaada wa kuyafikia masomo ni kuvunja sheria hiyo. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba taarifa muhimu za shule zinapaswa kumfikia kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Sentensi ya kukariri ni fupi: "I need a Swahili interpreter, please." Baada ya kuisema, simu inaweza kukaa kimya dakika moja au mbili wakati karani anamtafuta mkalimani kwenye laini nyingine. Usikate. Mkalimani akija na Kiswahili cha pwani nawe umezoea cha Bukavu au Lubumbashi, mwambie apunguze mwendo, hakuna atakayekasirika.

Tafsiri ya mashine iliyomo kwenye programu inatosha kwa mambo mengi. Ila tarehe, saa na jina la shule visome kwenye ujumbe wa awali. Kumbuka pia kwamba Wamarekani huanza na mwezi: 4/9 ni Aprili 9. Mzazi aliyeisoma kama 4 Septemba hufika kwenye kikao miezi kadhaa baada ya watu kutawanyika.

Hatua ya 3: Chuja kwa swali moja

Kila ujumbe uulize: wananitaka nifanye nini, na kabla ya lini? Usipopata jibu, huo ni wa kupitisha macho tu.

Chukua barua ya kila wiki ya mkuu wa shule, ile inayokuja Ijumaa alasiri. Inaanza na salamu na picha ya watoto wameshika kombe. Inafuata siku ya kupiga picha, kisha wiki ya kuvaa soksi zisizofanana, kisha chama cha wazazi na walimu kinaomba watu wa kujitolea. Chini kabisa, kabla ya viungo vya mitandao ya kijamii, kuna mstari mmoja kwamba fomu za kuendelea na programu ya baada ya masomo zinafungwa Jumatano, na nafasi ni chache. Mwandishi hakuuficha kwa makusudi. Aliandika kwa mpangilio unaofurahisha. Basi soma barua hizo kuanzia chini kwenda juu, na tafuta maneno machache yanayokugusa: "deadline" (tarehe ya mwisho), "required" (ni lazima), "change" (mabadiliko), "hearing" (kikao cha kusikiliza maoni), "opt out" (kukataa kushirikishwa).

Hilo la mwisho lina uzito wake pekee. Lipo kwenye taarifa ambazo kimya chako huhesabiwa kuwa ridhaa. Chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, wilaya inaweza kuorodhesha mambo kama jina, anwani na simu ya mtoto kuwa habari za kutolewa kwa wengine, mradi iwatangazie wazazi kwanza na kuwapa muda wa kukataa. Sekondari za juu, waandikishaji wa jeshi nao hupewa majina na simu za wanafunzi isipokuwa mzazi ameandika kukataa. Tangazo hilo hutoka mwanzoni mwa mwaka, limo ndani ya kitabu kirefu cha kanuni ambacho wengi tunatia sahihi bila kukifungua. Kama familia yako ina sababu ya kutotaka anwani yake izagae, na waliokimbia vita wanazo, hiyo ndiyo kurasa ya kuitafuta wiki ya kwanza. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuomba kuona kumbukumbu za mwanao, na shule isizidishe siku 45 kukuonyesha.

Hatua ya 4: Jiandae kwa arifa za ghafla kabla hazijalia

Uamuzi wa theluji, barafu au joto kali hutolewa kwa kawaida kabla ya mapambazuko. Kama unafanya kazi usiku na unalala simu ikiwa kimya, iruhusu namba ya wilaya ipite. Kisha jifunze tofauti ya maneno matatu, kwa sababu kila moja linaidai familia jambo tofauti.

"Snow Day" ni shule imefungwa, ingawa wilaya nyingine siku hizi huwataka watoto wasome kwa kompyuta nyumbani. "Two-Hour Delay" ni kila kitu kusogea saa mbili mbele, basi likiwamo: kama hupita saa moja na dakika kumi asubuhi, litapita saa tatu na dakika kumi. Uliza mapema kama siku hiyo kifungua kinywa kinatolewa na kama darasa la awali la nusu siku linafanyika, maana mara nyingi hufutwa. "Early Release" ndilo hatari kwa watoto wadogo: wanarudishwa mapema, nyumbani hakuna mtu. Nyingi ya siku za namna hii zimo kwenye kalenda tangu mwaka uanze, na wazazi bado wanashtuka. Panga na jirani au ndugu, na jina lake liwe kwenye orodha ile ya ofisini. Shangazi asiye kwenye orodha, hata akijulikana shule nzima, hatapewa mtoto.

Kuhusu usalama, "Secure" kwa kawaida maana yake ni tatizo liko nje ya jengo: milango imefungwa, masomo yanaendelea ndani. "Lockdown" ni hatari inayohofiwa kuwa ndani au karibu kabisa. Silika ya mzazi ni kuwasha gari. Najua. Lakini magari ya wazazi huziba njia ya polisi na ya gari la wagonjwa, na shule haimtoi mtoto yeyote mpaka hali itulie. Wilaya hutangaza mahali pa kuwachukulia watoto, ambapo mara nyingi si shuleni penyewe. Nenda huko, na kitambulisho chenye jina lilelile lililoandikwa ofisini. Kama pasipoti yako inasema jina moja na kumbukumbu za shule zinasema jingine, lirekebishe leo.

Basi ndilo linalotoa arifa nyingi kuliko yote. Agosti 9, 2023, siku ya kwanza ya masomo, njia mpya za mabasi za Jefferson County zilivurugika kiasi kwamba watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa zaidi ya wiki moja. Siku kama hiyo ofisi ya shule inazidiwa na simu, na jioni haina mtu. Hifadhi namba ya idara ya usafiri ya wilaya, namba ya basi, na kituo chake. Karatasi yenye mambo hayo mtoto wa chekechea awe nayo mfukoni wiki za kwanza.

Neno kuhusu makundi ya WhatsApp. Yanasaidia sana, na pia ndimo picha ya tangazo la mwaka jana inaporudi kila msimu wa baridi. Kabla ya kusambaza, angalia mwaka, jina la wilaya na mtumaji, kisha fungua tovuti ya wilaya uone kama tangazo lipo ukurasa wa mbele. Lisipokuwapo, lisitoke kwako.

Hatua ya 5: Kalenda na barua zenye tarehe

Majimbo mengi yanadai takriban siku 180 za masomo kwa mwaka. Mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku hizo, yaani 18, huhesabiwa kuwa mtoro sugu, na hesabu hiyo inachanganya hata siku alizougua ukaleta karatasi ya daktari. Hapa ndipo safari za kwenda nyumbani Desemba zinapotuletea matata. Wiki tatu za harusi na kumwona bibi zinakula karibu siku zote hizo. Kama lazima msafiri, mwandikie mkuu wa shule mapema, uulize sheria ya jimbo inasemaje, maana sehemu nyingine mtoto asiyeonekana kwa mfululizo wa siku fulani huondolewa kwenye rejista na mnarudi kuanza usajili upya.

Mwanzoni mwa mwaka, ndani ya siku 30, familia ya mtoto aliyewekwa kwenye programu ya wanaojifunza Kiingereza inapaswa kupata barua inayoeleza kiwango chake na atafundishwa vipi. Una haki ya kukataa programu hiyo, lakini mtihani wa kila mwaka wa Kiingereza atafanya tu. Ushauri wangu ni kutokataa kwa sababu ya fahari. Kataa kama umeona darasani kwamba inamrudisha nyuma.

Barua ya chakula: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu hupata chakula cha shule bure, na hadi asilimia 185 kwa bei iliyopunguzwa. Mnaopokea SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, mara nyingi mtoto huidhinishwa bila fomu, na barua inakuja kukuambia tu. Shule nyingi sasa zinalisha watoto wote bure, hasa tangu mwaka 2023 kiwango cha kuziruhusu kiliposhushwa kutoka asilimia 40 hadi 25 ya wanafunzi waliokwisha kutambuliwa kupitia misaada kama hiyo. California na Maine zililisha kila mtoto mapema zaidi, kuanzia mwaka wa masomo 2022-23. Hata hivyo shule inaweza kukuomba fomu ya kipato. Ijaze: kuna fedha za shule na misamaha ya ada inayotegemea hesabu hizo. Fomu ya chakula huomba tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na ina kisanduku cha kuonyesha huna. Kutia alama hapo hakumnyimi mtoto chakula. Kuhusu kusoma kwenyewe, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa kukosa vibali.

Barua ya kuthibitisha makazi huwatisha wanaoishi kwa ndugu. Kama mmepoteza nyumba au hamkuweza kodi na mmejibana kwa jamaa, sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inamwangalia mtoto wenu kama asiye na makazi: asajiliwe mara moja hata karatasi zikipungua, na anaweza kubaki shule aliyokuwa na kuombewa usafiri. Kila wilaya ina afisa wa jambo hilo. Mwulizie kwa jina la sheria, maana karani wa mlangoni huenda asikumbuke mwenyewe.

Na barua ya kikao cha mpango maalumu wa mtoto mwenye ulemavu, ile wanayoiita IEP, isipite. Omba mkalimani kwa maandishi siku kadhaa kabla, na usitie sahihi usichoelewa. Kikao kinaweza kusogezwa.

Hatua ya 6: Soma ajenda ya bodi

Hapa ndipo penye habari za kweli, na hapa ndipo wazazi wachache mno hufika. Bodi nyingi hukutana mara moja au mbili kwa mwezi. Kila jimbo lina sheria inayotaka vikao viwe wazi na vitangazwe mapema. California, kwa mfano, sheria ya mwaka 1953 inaitaka bodi ibandike ajenda ya kikao cha kawaida angalau saa 72 kabla. Kwenye tovuti ya wilaya tafuta "Board" kisha "Agenda". Utakuta orodha kavu, na pembeni ya kila kipengele viambatisho. Utamu uko kwenye viambatisho.

Anza na sehemu inayoitwa "Consent". Ni rundo la mambo yanayopitishwa kwa kura moja bila mjadala: mikataba, ajira, safari. Mengi ni ya kawaida kweli. Ila mkataba wa kampuni ya mabasi au wa wakalimani unaweza kuwa humo, ukapita kwa nusu dakika. Kisha tafuta mambo ya kusomwa mara ya kwanza. Katika wilaya nyingi, jambo kubwa husomwa kikao kimoja na kupigiwa kura kingine, na nafasi yako ya kusema iko katikati. Vikao vya kazi, ambavyo havina kura na havina watu, ndimo wajumbe wanapouliza maswali yao halisi. Nikilazimika kuchagua kikao kimoja cha kusikiliza, nachagua hicho.

Msimu wa kukaza macho ni Februari hadi Juni. Mwaka wa fedha wa wilaya nyingi huanza Julai 1, kwa hiyo bajeti hujadiliwa majira ya kuchipua, na ndipo unapoona nafasi za walimu wa Kiingereza, maktaba au mabasi zikikatwa. Miaka hii kuna sababu mbili kubwa. Serikali kuu ilitoa takriban dola bilioni 190 kwa shule wakati wa korona, na mwisho wa kuzipangia matumizi fedha za awamu ya mwisho ulikuwa Septemba 30, 2024. Wilaya zilizoajiri watu kwa fedha hizo zimebaki na mishahara isiyo na mfuko. Pili, watoto wanaozaliwa wamepungua, na sehemu kubwa ya fedha za jimbo humfuata mwanafunzi. Ukiona kwenye ajenda ripoti ya idadi ya wanafunzi au ya "matumizi ya majengo", usiipite. Ripoti kama hizo ndizo hutangulia pendekezo la kufunga shule, wakati mwingine kwa mwaka mzima.

Kusema mbele ya bodi si lazima uwe raia. Unajiandikisha kabla, mara nyingi kwenye mtandao au kwa kadi mlangoni, na unapewa kama dakika mbili au tatu. California mtu anayetumia mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda huo. Kwingine omba. Bodi kwa kawaida haijibu papo hapo, basi usidhani wamekudharau. Taja shule, namba ya kipengele, jambo moja ulilonalo, na unachoomba:

"Habari za jioni, waheshimiwa. Mimi ni mama wa watoto wawili wa shule iliyopendekezwa kufungwa, kipengele cha saba. Shule mnayotupeleka iko ng'ambo ya barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Naomba msipige kura kabla ya kutuonyesha basi litapita wapi na saa ngapi."

Hayo yanaisha kwa nusu dakika, na mjumbe hawezi kusema hakuelewa. Hotuba ndefu ya machungu, hata ikiwa ya haki, humpa nafasi ya kutikisa kichwa tu.

Kupiga kura kuwachagua wajumbe ni jambo jingine. Isipokuwa sehemu chache zenye sheria yake, kama San Francisco ambako wapigakura waliwaruhusu wazazi wasio raia mwaka 2016, usijiandikishe kupiga kura kama hujapata uraia, hata kijana mwenye fomu mlangoni akikuhakikishia. Kosa hilo linaweza kuliharibu faili lako la uhamiaji.

Hatua ya 7: Gawaneni kazi, na muweke maandishi

Mzazi mmoja hawezi kusoma yote na kufanya kazi zamu mbili. Watu wanne au watano wa kanisa moja, msikiti mmoja au jengo moja wanaweza kugawana: huyu ajenda ya bodi, yule kalenda na usafiri, mwingine barua za shule ya kati. Kila mmoja akileta mambo mawili kwa wiki, yenye tarehe na kiungo, inatosha. Picha za watoto wa wengine na majina yao zisiingie kwenye kundi.

Jambo lisipojibiwa, panda ngazi kwa maandishi: mwalimu, mkuu wa shule, ofisi ya wilaya inayohusika, kisha mjumbe wa bodi wa eneo lako. Barua pepe fupi yenye tarehe ina nguvu kuliko mazungumzo kumi ya mlangoni, kwa sababu unayempelekea juu atauliza tu ulimwandikia nani na lini. Kiswahili kinakubalika, wao watafute wa kutafsiri. Ukitaka waraka ambao haumo mtandaoni, kila jimbo lina sheria ya kumbukumbu za umma: taja waraka wenyewe na kipindi chake, kwa mfano "mkataba wa mabasi wa mwaka huu wa masomo". Ukinyimwa mkalimani au tafsiri mara kwa mara, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Idara ya Elimu, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio, kwa hiyo barua zako za awali zisifutwe.